Nadhiri ya Miguu

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 walimu wawili wastaafu kutoka Tanga walishuka katika gari moshi kwenye mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees. Mmoja alikuwa mzaliwa wa Bukoba, Mkatoliki, aliyepata kusoma seminari kabla ya kugeukia ualimu. Wa pili alikuwa mtu wa Pangani, Mwislamu, mwana wa nahodha wa jahazi. Walikuwa wamefundisha shule moja miaka kumi na tisa, na hata baada ya kustaafu hawakuacha kuitana "Mwalimu", kana kwamba kila mmoja alikuwa bado anamsikiliza mwenziwe kwa ajili ya mtihani. Mbele yao ilikuwapo njia ya kilometa 780 au karibu na hizo, iendayo magharibi hata mji wa Santiago de Compostela katika Hispania, penye kaburi linaloaminiwa na Wakatoliki kuwa la Mtume Yakobo. Njia hiyo huendwa kwa miguu, na aiendaye hulala kila usiku katika mji mwingine.

Mwalimu wa Bukoba alikwenda kwa nadhiri. Miaka mitatu nyuma alipasuliwa tumbo, akalala hospitali mwezi mzima bila ya kujua kama atainuka; na usiku mmoja wa mwezi ule akaahidi kwamba akiinuka atalizuru kaburi la mtume aliye msimamizi wa jina lake la ubatizo, na kwamba njia yote tangu milimani ataikanyaga kwa nyayo zake mwenyewe. Mtu aliye mgonjwa huahidi kwa ukarimu mkubwa. Mwalimu wa Pangani hakuwa na nadhiri. Mke wa rafiki yake alipouliza ni nani atakayemtazama mgonjwa wa jana katika nchi za watu, alijibu kuwa yeye anayo miguu miwili isiyo na kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake yote. Majirani waliona ajabu Mwislamu kufuata njia ya kanisa, lakini imamu wake alipoulizwa alisema kuwa kumsindikiza rafiki hakujawahi kuwa ibada ya mtu mwingine.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na hapana wa kumwonya mtembezi akasikia. Kutoka Saint-Jean, ulio karibu na usawa wa mita 200, njia hupanda hata mita 1,400 na zaidi, kisha hushuka ghafula katika msitu hadi Roncesvalles, mwendo wa kilometa 25. Katika miezi ya baridi, tangu Novemba hadi mwisho wa Machi, njia hiyo ya juu hufungwa kwa sababu ya theluji na ukungu. Walimu waliingia Roncesvalles saa kumi na moja jioni, mmoja akitembea kinyumenyume ili kuyapumzisha magoti, na mwingine akimcheka ilhali yake mwenyewe yanatetemeka. Walipokewa na watu wa kujitolea kutoka Uholanzi ambao huacha nyumba zao kuja kuwatandikia wageni, wakaoneshwa vitanda, na kwa mara ya kwanza wakagongewa mhuri.

Mhuri huo unastahili kuelezwa, maana ndio sheria ya njia nzima. Kila mtembezi huchukua kijitabu cha kukunjwa, na kila alalapo hugongewa mhuri wa nyumba ile pamoja na tarehe. Bila ya kijitabu hapati kitanda katika nyumba za watembezi. Na mwisho wa safari kijitabu ndicho shahidi wake. Hatimaye hufanana na leso iliyotiwa rangi na watoto: hapa kombe la baharini, hapa msalaba, hapa jogoo. Alama ya njia ni kombe, na mwalimu wa Pangani alipoliona limefungwa nyuma ya mashanta ya watu, maili nyingi kutoka baharini, alisema kwamba kwao kitu hicho huliwa kwanza.

Siku ya njiani ina taratibu zake, nazo hazibadiliki sana tangu mlima wa kwanza hata kaburini. Hispania inafuata saa za Ulaya ya kati ingawa imekaa magharibi mno, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi. Mtembezi huamka saa kumi na mbili gizani. Hapana awashaye taa. Bweni zima huvaa kwa kupapasa, na sauti isikikayo ni ile ya mifuko ya nailoni, ambayo watembezi wote huichukia na kila mmoja wao anayo. Nje, kurunzi hutafuta mshale wa manjano. Mishale hiyo iko juu ya kuta, mawe, nguzo za umeme na vigogo vya miti, nayo ilianzwa na padre mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, aliyeizungukia njia miaka ya 1980 na mikebe ya rangi, wakati watembezi walikuwa wachache na njia imeanza kupotea katika mashamba. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 2024 watu karibu laki tano walipokea hati ya kufika Santiago, na wengi wao hawajui jina la mtu aliyewachorea njia.

Jua huchomoza nyuma ya mgongo, maana uso wa safari ni magharibi daima, na asubuhi yote mtu hukikanyaga kivuli chake. Mwalimu wa Pangani aliligundua jambo hilo siku ya pili alipotaka kusali. Alikuwa msafiri, basi alichukua ruhusa ya msafiri, akazipunguza sala na kuzikusanya. Lakini kibla kutoka nchi ile ni upande wa mashariki na kusini kidogo. Kila aliposali alielekea walikotoka. Mwenziwe alikaa juu ya jiwe akimngojea, akichua vidole vya miguu, na siku nyingine akisali rozari yake. Hivyo kituo kimoja kiliwatosha wawili.

Mwendo wa siku ni kilometa 20 hadi 25. Katikati yake hupita vijiji vyenye mkahawa mmoja na kanisa lililofungwa. Mtembezi mwenye akili huvua viatu kila atuapo, hukausha soksi, hutazama kama pana wekundu penye kisigino. Lengelenge likiisha kuinuka hutobolewa kwa sindano iliyopitishwa motoni, na wengine huuacha uzi ndani ili maji yatoke. Waganga hawapendi dawa hiyo, lakini mabwenini imeenea kama uvumi. Kuhusu shanta, kanuni ni kwamba uzito wake usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mchukuzi. Mwalimu wa Bukoba aliondoka na kilo kumi na moja. Kufika Pamplona, siku ya tatu, alikuwa amekwisha kupeana suruali moja, kitabu cha sala cha jalada gumu na pasi ndogo ya umeme, ambayo hakuna aliyeweza kueleza imefikaje humo.

Kufika mjini ndiko kuliko na wasiwasi. Nyumba nyingi za serikali za miji na za makanisa hazipokei ahadi ya mapema: aliyetangulia ndiye alalaye. Milango hufunguliwa adhuhuri au baadaye kidogo, na mbele yake mashanta hupangwa mstari kama watu, kila shanta likishika zamu ya mwenyewe aliyekwenda kutafuta kivuli. Hapo ndipo udugu wa njiani hujaribiwa. Mtu aliyekupa maji yake asubuhi hukupita mchana kwa mwendo wa haraka bila ya kukutazama, maana ameona kuwa mbele yako kuna vitanda vichache. Haifai kumlaumu sana. Mwili uliotembea kilometa 25 haufikiri habari ya adili, hufikiri godoro. Hata hivyo katika mji mmoja wa La Rioja mwalimu wa Pangani alitoka katika mstari akampa nafasi yake mama mmoja aliyekuwa akichechemea, kisha yeye na mwenziwe wakalala juu ya mikeka sakafuni kanisani, na mwenziwe hakuusifu ukarimu huo hata asubuhi.

Baada ya kitanda huja maji, na baada ya maji kufua. Nguo ni mbili: ya kutembelea na ya kulalia; kwa hiyo ya kutembelea hufuliwa kila siku kwa mkono, ikaanikwa kwa pini, na isipokauka husafiri asubuhi ikining'inia nyuma ya shanta. Mchana, tangu saa nane hadi saa kumi na moja, miji ya nchi ile hulala. Maduka hufungwa, mapazia ya mbao huteremshwa, na mgeni aliyechelewa kununua mkate huzunguka katika uwanja mtupu. Kisha kuna shida ya chakula cha usiku. Wahispania hula saa tatu; nyumba ya watembezi hufunga mlango saa nne na kuzima taa. Wenye mikahawa wameitatua shida hiyo kwa kuwaandalia watembezi mapema, yapata saa moja jioni, sahani tatu pamoja na mkate na mvinyo kwa bei nafuu. Mwalimu wa Pangani alijifunza upesi kuuliza habari ya nguruwe, maana katika nchi ile nyama hiyo huingia hata katika mchuzi wa dengu. Alila mayai, samaki wa kopo, viazi na zaituni.

Zaituni zilimfungulia mlango mwingine. Aliposikia mwenye mkahawa akiziita *aceitunas* alishtuka, akaanza kusikiliza kwa sikio la mwalimu wa lugha. Waarabu na Waberberi walitawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi, na maneno yao hayakuondoka walipoondoka wao. Sukari ni *azúcar*. Mkuu wa mji ni *alcalde*, naye ni kadhi yule yule aliyevuliwa joho. Na neno lisemwalo kila siku njiani, *hasta Santiago*, ndani yake mna "hata" ya Kiswahili, ile hata ya wazee yenye maana ya mpaka. "Mwalimu," alimwambia mwenziwe, "watu hawa wamesema Kiarabu siku zote na hawakuambiwa." Mwenziwe alijibu kuwa hata Waswahili hawakuambiwa. Karibu na Estella ipo bomba maarufu katika ukuta wa kiwanda cha mvinyo pale Irache, yenye milango miwili: mmoja hutoa mvinyo bure kwa kila mpita njia, wa pili hutoa maji. Walimu walisimama mmoja huku na mmoja huku, kila mtu na kikombe chake.

Lakini katika Logroño furaha hiyo ilipata doa. Juu ya mlango wa kanisa la Santiago katika mji huo, Mtume Yakobo amechongwa amepanda farasi na upanga mkononi, na chini ya kwato za farasi vimetapakaa vichwa vya watu waliovaa vilemba. Huyo ndiye Yakobo Mwuaji wa Waislamu. Husimuliwa kuwa alitokea katika vita vya Clavijo, kusini ya mji huo, mwaka 844, akawashindia Wakristo. Wanahistoria wa leo hawakubali kuwa vita hivyo vilipata kupiganwa. Walakini jiwe halikuwangoja wanahistoria. Mwalimu wa Bukoba, aliyekuwa amemwona mtume wake siku zote kama mvuvi wa Galilaya, aliona aibu kama mtu ambaye ndugu yake ametukana hadharani. Alitaka waondoke. Mwenziwe aliitazama sanamu kitambo kirefu, kisha akauliza, "Mwalimu, wako alikuwa yupi: huyu au yule wa nyavu?" Akajibiwa, "Yule wa nyavu." "Basi twende zetu," akasema.

Baada ya Burgos njia hupanda katika uwanda mpana uitwao Meseta. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa, na nchi ilikuwa mabua matupu ya rangi ya simba, bila mti, bila kijito, na barabara ya changarawe iliyonyoshwa kama uzi wa fundi mwashi. Wengi huiruka sehemu hiyo kwa basi na kusema kuwa haina kitu. Nao husema kweli. Lakini siku tatu katika mahali pasipo na kitu zina kazi yake katika kichwa cha mtu, na hasara ni yao. Ilikuwa hapo muundi wa mguu wa kushoto wa mwalimu wa Bukoba ulipoanza kuvimba. Maradhi hayo yanajulikana sana njiani: kano za mbele ya mguu huchoka kwa ardhi ngumu iliyo sawasawa, huwaka moto, na dawa yake ni moja tu, kupumzika. Kwa siku mbili alificha. Alitembea nyuma ili asionekane akichechemea, akasema anatazama mawingu. Walipofika Carrión de los Condes hakuweza kuvua kiatu.

Nyumba za watembezi humruhusu mtu usiku mmoja tu, isipokuwa mgonjwa. Alipewa siku mbili. Daktari wa mji aliugusa mguu kwa kidole, kidole kikaacha shimo, akasema juma zima bila kutembea. Mbele yao, nje tu ya mji, palikuwa na kilometa 17 zisizo na kijiji hata kimoja, na visa yao ilikuwa na siku za kuhesabika. Mwalimu wa Pangani alisema wapande basi hadi León. Mwenziwe alikataa. Mashaka yaliyofuata hayakuwa madogo, ingawa mtu aliyepita karibu angaliona wazee wawili tu wakibishana juu ya mguu uliotiwa barafu.

Kwa mwenye nadhiri jambo lilikuwa hivi: aliahidi kila hatua, akitoa hatua zaidi ya 100,000 katika deni, je, amelipa? Kijitabu hakikumdai. Kanisa halidai njia nzima. Linamdai mtembezi kilometa 100 tu. Aliyemdai alikuwa yule mgonjwa wa miaka mitatu nyuma, kitandani, ambaye hakuweza tena kuulizwa kama atapunguza. Mwalimu wa Pangani alimsimulia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mzee aliyeonekana akiburutwa kati ya wanawe wawili kwa kuwa aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, na Mtume akasema kwamba Mungu hana haja ya mtu huyo kujiadhibu, akamwamuru apande. "Hiyo ni yenu," alisema mgonjwa. "Ni yetu," alijibu mwenziwe, "lakini mguu hauna dhehebu."

Asubuhi ya pili mgonjwa mwenyewe alikumbuka kuwa kanuni za kanisa lake humpa paroko uwezo wa kumfungua mtu nadhiri ya faragha kwa sababu ya haki, hata akiwa msafiri apitaye tu katika parokia yake. Alijikongoja hadi kanisani. Paroko hakujua Kiingereza, naye hakujua Kihispania. Basi Kilatini alichofundishwa mwalimu seminarini zamani, na ambacho kwa miaka hamsini hakikumfaa kwa jambo lolote, kikatolewa sandukuni. Aliandika sentensi nne juu ya karatasi. Paroko alizisoma, akasahihisha mwisho wa neno moja, akamfungua nadhiri, akampa badala yake sala za kusali akiwa garini, kisha akamwonesha kituo cha basi.

Kituoni mwalimu wa Pangani alimpakia rafiki yake, akamwandikia anwani ya nyumba ya wageni katika León, akashuka. Alisema kuwa yeye atakwenda kwa miguu.

Hapa alikosa, na kosa lake halina budi kusemwa. Alikuwa ameahidi kwa mke wa mtu kuwa atamtazama. Naye alimpeleka peke yake, mguu mmoja, katika mji wa watu zaidi ya laki moja asiojua lugha yao. Alichokuwa nacho moyoni hakukisema, nacho kilikuwa hiki: katika dini yake mtu asiyeweza kuhiji huweza kuhijiwa na mwingine, na mwenye kuhiji kwa badali ya mwenziwe hupata pia sehemu yake. Kilometa zile tisini na tano alikusudia kuzitembea kwa ajili ya mwenye deni. Alizitembea kwa siku nne. Alilala Terradillos de los Templarios, Bercianos na Mansilla de las Mulas. Upepo wa uwandani ulimpiga usoni mchana kutwa, na siku ya kwanza maji yalimwishia kabla ya kijiji. Kijitabu cha mwenziwe hakukichukua, ingawa kilikuwa chepesi kukichukua na mihuri ingaligongwa bila swali.

Katika León alimkuta mwalimu wa Bukoba amekaa mbele ya kanisa kuu, mguu juu ya kiti, akiwatazama watembezi wakiingia. Hakupewa asante. "Nani aliyekutuma?" aliulizwa. Alipoeleza habari ya badali, uso wa mwenziwe ulizidi kukunjamana. "Padre alinifungua, Mwalimu. Nilikuwa huru. Sasa umenilipia deni lililofutwa. Nitakulipa wewe kwa nini?" Mtu wa Pangani hakuwa na jibu, na labda halikuwapo. Hisani isiyoombwa ni mzigo ulioongezwa katika shanta la mtu wakati amelala.

Walikwenda Astorga siku tatu, polepole, wakisema yaliyo lazima: mshale ule, maji haya, mlango huu. Walipita daraja refu la Órbigo, ambapo mwaka 1434 askari mmoja wa kabaila aliwazuia wenzake wa Ulaya kupita mpaka wapigane naye kwa mikuki, kwa sababu ya mapenzi. Jioni nyingine wangalicheka. Katika Astorga mwalimu wa Pangani aliamka katika usingizi wa mchana akakuta nguo zake hazipo kitandani. Alizikuta uani, zimefuliwa, zimepigwa pini, na soksi zimegeuzwa ndani nje kama apendavyo yeye. Hapana neno lililosemwa. Usiku walibishana juu ya asili ya neno moja mpaka taa zikazimwa.

Sehemu iliyobaki hupita upesi kwa mwenye kuisimulia, kwa kuwa mwili umekwisha kuzoea. Walipanda hadi Msalaba wa Chuma, karibu na mita 1,500, ambapo kila mtu huweka jiwe alilolitoa kwao, na rundo la mawe limekuwa kilima. Walipanda O Cebreiro penye nyumba za mviringo za kuezekwa kwa majani, ambazo mtu wa Bukoba alizizunguka mara tatu akiulizia msonge wa babu yake. Wakapita Galicia kwenye mvua. Katika Sarria, zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka mwisho, njia ilijaa ghafula: huanzia hapo walio wengi, nguo safi, mkoba mdogo, na mizigo yao imepelekwa mbele kwa gari hadi mji wa kulala. Watembezi wa mbali huwatazama kwa dharau. Dharau hiyo ni ya kijinga kidogo. Katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1901, wapagazi wa misafara ya bara huenda masiku kwa masiku na mizigo vichwani, wakaamka kabla ya alfajiri na kutua kambini kama watembezi hawa. Wala hapana mmoja wao ambaye angalikataa gari kama gari lingalikuwapo. Fahari ya kubeba ni ya mtu ambaye angeweza kuweka chini.

Waliingia Santiago siku ya 41 asubuhi, manyunyu yakianguka. Katika kanisa kuu ipo sanamu nyingine ya yule mpanda farasi, kazi ya karne ya 18, lakini chini ya farasi wameweka maua mengi mabichi, hata waliokanyagwa hawaonekani. Mwalimu wa Pangani alisimama mbele yake akaeleza alichokisoma: kwamba mwaka 997 Al-Mansur wa Kordoba aliuteka mji huu, na husimuliwa kuwa kengele za kanisa zilichukuliwa hata Kordoba mabegani mwa mateka Wakristo; na mwaka 1236, Kordoba ilipotekwa, zikarudishwa mabegani mwa mateka Waislamu. "Njia ni ile ile," alisema mwalimu wa Bukoba. "Na mabega," alisema mwenziwe. Walikaa kwenye benchi mpaka misa ya adhuhuri ilipoanza. Mmoja aliingia mbele, mwingine akakaa nyuma.

Afisi ya kuwapokea watembezi huuliza sababu ya safari: ya dini, ya roho, au nyingine. Wa kwanza hupewa hati ya Kilatini. Asiye na sababu hizo hupewa hati nyingine ya kukaribishwa. Mwalimu wa Bukoba alimweleza karani kwamba kati ya Carrión na León alipanda basi. Karani alitazama mihuri ya kutoka Sarria, akasema haidhuru. Alimweleza tena. Karani, kijana mwenye subira, alisema kuwa hapana mahali pa kuliandika jambo hilo. Basi alipokea hati, akaisoma kwa sauti hapo hapo, akatafuta kosa la sarufi asilipate. Ipo pia hati ya umbali, yenye idadi ya kilometa, ambayo hununuliwa kwa fedha kidogo. Hiyo aliikataa.

Mwalimu wa Pangani alipoulizwa sababu alichagua nyingine. Kisha akatoa sarafu akainunua hati ya umbali, nayo ikaandikwa njia nzima tangu Saint-Jean. Nje, chini ya upenu, mwenziwe aliichukua akaisoma mpaka penye tarakimu, akairudisha ndani ya bahasha yake kwa uangalifu ili mvua isiiguse.

"Tisini na tano humu ni zangu," alisema.

"Chukua, Mwalimu."

"Zikae kwako. Nitakuja kuzitazama."

Wakaenda kutafuta nyumba ya kulala kabla ya maduka hayajafungwa, maana sabuni ilikuwa imekwisha.